Feni ya Hilux ya Marehemu Jamaldine

Palma, 4 Novemba 2012

Kaka Haruna,

Shikamoo. Wifi Nasrin naye mpe shikamoo yake, na watoto wote nawabusu. Sisi huku wazima. Awa binti yangu ameingia darasa la sita na sasa anazungumza Kireno hata na kuku. Mama mkwe anakohoa lakini anakula, na mtu akiwa anakula mimi sina wasiwasi naye. Mwinyimadi anayekuletea barua hii pamoja na mizigo yake ya biashara amenenepa. Usimwambie kwamba nimesema.

Najua simu ingekuwa rahisi. Lakini mtandao wa hapa hata ukishika, salio linaishia kwenye salamu, na ninalokuuliza linataka majibu ya kusomwa polepole, bisibisi ikiwa mkononi.

Ile Hilux ya marehemu Jamaldine, uliyonifundishia kuendesha, feni yake imekufa. Si feni ya injini, ni ile ya ndani inayopuliza hewa. Uliniambia wakati ule kwamba hita kwenye gari la pwani ni mapambo tu. Kumbe si mapambo hata kidogo. Mvua ikinyesha, kioo cha mbele kinajaa mvuke kwa ndani, na bila feni ya kuufukuza sioni hata boneti.

Shida yangu ni hii. Wageni wa gesi wanajenga kambi kule Afungi, na wanatafuta magari ya kupeleka wapishi na wasafishaji kila siku. Nimejiandikisha, mwanamke peke yangu kwenye orodha ya wenye magari. Mkaguzi wao, senhor Inácio, alilipitia langu juzi: breki sawa, taa sawa, mikanda sawa. Akazungusha swichi ya feni. Kimya. "Não trabalha, senhora," akasema, yaani haifanyi kazi, na akaandika. Amenipa hadi tarehe 28 Januari nimrudishie gari likiwa kamili. Baada ya hapo orodha inafungwa.

Nikishindwa, nitafanya ulilolitaka tangu nitoke eda: nitaliuza gari, nirudi Mtwara, nikae chumba chako cha uani. Nakupenda, kaka, na chumba chako kizuri. Lakini sitaki.

Niambie nianzie wapi.

Mdogo wako,
Rachida


Mtwara, 20 Novemba 2012

Mdogo wangu Rachida,

Marahaba. Barua yako imenikuta gereji, ndiyo maana hii yangu ina grisi kwenye pembe. Wifi yako mzima, anauliza kama nazi za Quionga bado tamu vilevile. Kitinda mimba wetu ameota meno mawili na kidole changu ndicho cha kwanza kuyaonja. Huku nako gumzo ni gesi na bomba. Ukienda kunyoa, gesi. Ukienda kuhani msiba, gesi.

Ningekuja mwenyewe, kazi ya siku moja tu hiyo, lakini magari yamenijaa hapa na goti la kushoto limerudia tabia yake.

Sasa sikiliza. Fundi hafungui kitu kabla hajakiuliza. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, weka feni namba moja, kisha mbili, kisha tatu, kisha nne. Ikifanya kazi namba nne peke yake, kosa ni rezista, kile kipande kinachopunguza kasi ya feni. Zikiwa zote kimya, nenda kwenye fyuzi. Iko chini ya usukani, ni kubwa kuliko wenzake. Ichomoe uitazame juani. Kile kiwaya cha ndani kikiwa kimekatika, imeungua. Weka nyingine ya namba ileile. Mtu akikwambia ufunge waya wa shaba badala ya fyuzi, mfukuze. Utaliunguza gari zima, na Jamaldine atanijia ndotoni.

Nakuletea fyuzi tatu: moja ya kutumia, moja ya akiba, moja ya mtu atakayekuja kuazima asirudishe.

Na neno moja. Kile kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria, usikifungue. Kuna waya nyembamba sana nyuma yake. Wewe anza na fyuzi.

Kakako,
Haruna


Palma, 5 Desemba 2012

Kaka Haruna,

Shikamoo, na habari za goti. Mwaka juzi lilikuwa la kulia.

Sisi wazima. Mvua zimeanza. Awa ameshika nafasi ya pili darasani, na wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo mimi namhesabu Awa kuwa wa kwanza. Palma huitambui tena. Kila mwenye vyumba viwili amehamia kimoja ili cha pili apangishe mgeni.

Nimefanya ulivyosema. Namba zote kimya. Fyuzi nikaikuta imeungua, nikaweka mpya. Nilipozungusha swichi ya feni tu, pa! Nikaweka ya pili. Pa! Nisipoigusa feni, fyuzi inakaa vizuri hata kutwa nzima. Ya tatu nimeificha, maana umeniambia wataiazima.

Nikamwita Abacar, yule anayetengeneza jenereta karibu na soko. Akasema fyuzi inayoungua pale feni inapowashwa inakwambia mota imekwama. Akataka kufungua kisanduku. Nikamwambia kaka kakataza.

"Kaka'ko kakataza kwa nini?" akaniuliza. "Mota si ndo imo humo?"

Swali hilo nakuletea wewe. Nipe jibu.

Juzi mvua ilitukuta njia ya Quionga, mimi na Vitória, rafiki yangu mpishi. Tulikuwa tunafuta kioo kwa kanga yake. Tukasimama kidogo pembeni, kisha tukaendelea. Ni hayo tu.

Rachida


Mtwara, 18 Desemba 2012

Rachida,

Marahaba. Hapa wazima wote isipokuwa mimi, na sababu ni wewe.

Mwinyimadi kanieleza. Kumbe "kusimama kidogo pembeni" ni gari kuingia shamba la watu na kung'oa mihogo kumi na miwili! Kumbe Vitória kapiga paji la uso kwenye dashibodi hadi likavimba! Unamficha nani, mimi niliyekushika mkono ukijifunza kutembea? Siku ile sikula. Wifi yako ndiye aliyenifariji, na yeye mwenyewe analia.

Liuze, uje. Chumba nimekwisha kukipaka chokaa, na dirisha nimelitia wavu wa mbu.

Lakini nakujua ulivyo mkaidi, basi nakuletea swichi mpya na rilei mpya, kile kidude kinachoipitishia feni umeme. Badilisha zote mbili. Huenda waya unagusa bodi mahali fulani. Abacar mwambie namheshimu, ila jenereta haina dashibodi. Kisanduku akiache.

Magoti ni yote mawili, kama unataka kujua.

Haruna


Palma, 4 Januari 2013

Kaka,

Shikamoo naitoa kwa sababu mama alitulea hivyo. Moyoni nimekasirika. Awa mzima, mama mkwe mzima, Vitória kapona na ananitania kila siku kwamba nina deni la paji la uso.

Swichi mpya nimefunga. Rilei mpya nimefunga. Pa!

Siku ishirini na nne zimebaki. Wewe uliwahi kusimama mlangoni pa gereji yako, gari likapita barabarani, ukaniambia beringi ya gurudumu la nyuma kulia imechoka, na ikawa kweli. Mtu huyo huyo leo ananizungusha miezi miwili kwa fyuzi na swichi, wakati hata fundi jenereta anajua kosa liko wapi. Nimefikiri sana kwa nini, na jibu nililolipata limeniuma. Hutaki feni hii ipone. Unataka nishindwe, nije nikae kwenye chokaa yako.

Kama ndivyo, niandikie hivyo. Kunidanganya kwa sababu unanipenda bado ni kunidanganya. Gari hili ndilo kitu pekee ambacho Jamaldine aliniachia nikakiweza mwenyewe. Ninapokaa nyuma ya usukani sijioni mjane wa mtu wala dada wa mtu, najiona Rachida. Ulinipa wewe jambo hilo. Usininyang'anye.

Ijumaa ijayo baada ya swala nafungua kisanduku, mimi na Abacar, utake usitake. Nitumie mota. Sina ombi jingine.

Rachida


Mtwara, 9 Januari 2013

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nasrin kaisoma mara moja, akanigombeza kwa hizo mara tatu zote.

Si kweli, Rachida. Wallahi, sikutaka ushindwe. Nilitaka uje, hilo sikatai, ila si kwa njia hiyo.

Mota nimepata. Imetoka kwenye Hilux kama yako, nimeitia kaboni mpya, nimeipima kwa betri, na imenipeperushia karatasi zote za gereji. Mwinyimadi ataondoka nayo akipata boti. Mto wa mpakani umejaa.

Kazi yenyewe ni hii. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Fungua kisanduku, kina skrubu nne. Nyuma yake utaona kitu cha duara kama sufuria iliyofunikwa. Soketi ya waya ichomoe kwa kubana ulimi wake, usivute waya wenyewe. Kisha skrubu tatu. Ile ya nyuma huioni, itafute kwa kidole. Mota itateremka pamoja na feni yake. Kabla ya kufunga mpya, izungushe kwa kidole uhakikishe haigusi popote.

Na ukikuta kitu humo, kitupe. Hapana, usikitupe. Kiweke mahali pasafi, pa juu. Abacar asikione.

Haruna


Palma, 12 Januari 2013

Kaka Haruna,

Shikamoo. Mota haijafika, wala barua yako, na siwezi kungoja.

Jana tumefungua. Hizo waya nyembamba ulizoniogopesha nazo hazimo. Mota imeteremka ikinuka kuungua, na shingoni mwa feni umejisokota uzi mweusi, mnene, ule wa kushonea viti vya magari, mpaka haigeuki. Kwenye uzi kuna kitambaa cha kijani kimechanika, na ndani ya kitambaa karatasi.

Abacar akauliza nini hicho. Nikafumba ngumi, nikasema kiota cha panya.

"Mh," akasema. "Panya wa Palma siku hizi wanajua kushona."

Nikaenda ndani, nikatia udhu, nikavitandaza vipande juu ya kitambaa safi. Nilidhani hirizi hiyo ni ya Jamaldine, au mama mkwe kaitia kimyakimya. Kisha nikaiona Ayatul Kursiy imekatika katikati, na ile herufi yako ya kaf yenye kibiongo, ambayo mwalimu wa chuo cha Kurani alikuchapia mwaka mzima na haikunyooka. Nikageuza, upande wa pili ni boksi la plagi. Na chini ya aya, kwa Kiswahili, kwa jina la mama kama zinavyoandikwa: Rachida binti Kurwa. Afike.

Kaka! Wewe uliyemcheka Mwinyimadi na hirizi zake mbele ya gereji nzima? Wewe uliyesema gari linalindwa na breki?

Nilicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuniangalia. Kisha nikalia, naye akarudi zake ndani. Nisamehe kwa yale niliyoandika. Nayafuta yote isipokuwa hili: katika gari zima, lenye pembe na mifuko chungu nzima, fundi wa miaka ishirini na mitano unaning'iniza uzi juu ya feni?

Siku kumi na sita zimebaki. Mota iko wapi?

Rachida


Mtwara, 21 Januari 2013

Mdogo wangu Rachida,

Marahaba. Leo salamu ni fupi, maana nikizirefusha nitakosa ujasiri.

Ni mimi. Siku ile ulipoondoka hapa peke yako kuzungukia kule juu kwenye daraja la mpakani, safari ya siku mbili, ulinipungia mkono dirishani kwa furaha, hukujua umebeba nini. Kwa mwalimu wa hirizi nisingeweza kwenda, mji mzima unajua mdomo wangu. Usiku uliotangulia nilijifungia gereji nikaiandika mwenyewe, nikaishona kwa uzi wa viti, nikaitundika nyuma ya kisanduku usiione ukanicheka. Nilijua tundu la hewa liko pale. Nilidhani uzi ni mfupi. Barabara zenu zimeuteremsha.

Barua yako ya kwanza tu, nikajua. Nikaona aibu. Nikasema nikuzungushe na fyuzi mpaka nipate nafasi ya kuja kuitoa mwenyewe, usijue kamwe. Ulipoingia kwenye mihogo, mimi ndiye niliyekuingiza.

Na kwa nini sikuja? Hilo ndilo zito. Siku ya mazishi ya Jamaldine niliwaambia hapakuwa na boti. Boti zilikuwepo tatu, Rachida. Nilifika kivuko cha Kilambo asubuhi, nikakaa ukingoni na udi wa marehemu mapajani mpaka adhuhuri, nikitazama maji, na miguu haikukubali. Nikarudi nyumbani. Siku ule mtumbwi ulipotupindukia utotoni, wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, hukumbuki. Mimi nakumbuka kila tone. Goti langu zima. Yote mawili ni mazima.

Sasa Mwinyimadi amerudi na mota ileile. Alikaa mtoni siku nne bila kuvuka, homa ikamwangusha. Mota iko mezani mbele yangu. Siku saba zimebaki, na njia ya darajani imekatwa na mvua. Barua hii naiandika, ila sijui nimpe nani aibebe.

Haruna


Namoto, 25 Januari 2013

Rachida,

Nampa kikaratasi hiki dereva wa shapa, gari la abiria la Palma. Nipo Namoto, mpakani, upande wenu. Nimevuka.

Nilifumba macho njia nzima, mota nimeikumbatia kifuani ndani ya kitambaa. Mama mmoja botini akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Njoo unichukue, lakini mvua ikinyesha usije, nitalala hapa. Barua ya tarehe 21 ninayo mfukoni. Utaisoma nikiwa naoga.

Haruna


Palma, 2 Februari 2013
(Isomwe ukingoni, kabla ya kupanda boti.)

Kaka Haruna,

Shikamoo. Nakuandikia wewe ukiwa sebuleni unabishana na Awa juu ya namna ya kukatia embe, na barua hii nitaitia kwenye begi lako bila wewe kujua. Wewe ndiye tarishi wako mwenyewe safari hii.

Barua yako ya tarehe 21 sikuijibu usoni kwako. Ulikaa bafuni mpaka maji ya pipa yakaisha, na ulipotoka nikakuuliza tu kama utakunywa chai. Sasa najibu. Nilijua boti zilikuwa tatu. Mwinyimadi aliniambia wiki ileile ya msiba. Nilikasirika, sikudanganyi, nilikasirika sana. Kisha nikaja Mtwara na gari, likiendeshwa na dereva wa kukodi, ukanifundisha kwa miezi miwili bila kunipigia kelele hata mara moja, nami nikaona unanilipa kitu usichoweza kukitaja. Hasira ikaisha. Jamaldine alizikwa vizuri. Juzi ulirudi na tope jekundu kwenye viatu, na tope hilo liko makaburini tu. Sikukuuliza.

Jumatatu ya ukaguzi ulijificha nyuma ya ukuta wa kambi, ukidhani sikuoni, basi hukuona mambo yalivyokuwa. Inácio alizungusha swichi namba nne. Feni ikapuliza kwa nguvu, na kwenye tundu la hewa kikaruka kijipande cha kitambaa cha kijani kikatua juu ya karatasi yake. "O que é isto?" akauliza, hiki nini? Nikamwambia panya. Akakipuliza, akatia sahihi. Keshokutwa alfajiri naanza kazi, na Vitória kasema atakaa kiti cha mbele akishavaa kofia ya chuma.

Vipande vya ile hirizi nimevifukia pasafi, pasipokanyagwa na mtu.

Sasa angalia ndani ya bahasha. Kuna kitu kidogo cha kijani, nimekishona kwa uzi mwembamba, mfupi. Karatasi yake ni ya boksi la skrubu za mota ulilokuja nalo. Aya nimeiandika kwa mkono wangu, Awa kanisimamia herufi kwa herufi, na kaf zangu zimenyooka. Usiifungue. Nakujua, utataka kuifungua, basi nakwambia kabisa kilichomo mwishoni.

Haruna bin Kurwa. Afike, na arudi tena.

Itie mfukoni, fumbua macho, uvuke.

Mdogo wako,
Rachida